Shilingi Mbili Zilizoachana: Namna ya Kusoma Viwango vya Kubadilishia Fedha kati ya Tanzania na Kenya tangu 1966



Tasnifu nyingi zinazohusu biashara ya mpakani hufunguliwa kwa jedwali: miaka upande wa kushoto, na upande wa kulia shilingi za Tanzania zinazolingana na shilingi moja ya Kenya. Jedwali huanza na 1 mwaka 1966 na kufika kama 21 mwaka 2020. Mada yangu inadai kwamba sehemu ya katikati ya jedwali hilo, hasa miaka ya 1977 hadi 1986, hupotosha wasomaji, na haifai kutumiwa bila maelezo.

Mwanzo wake hauna utata. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919, ilitoa shilingi moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, 20 kwa pauni ya Uingereza. Zanzibar iliacha rupia na kujiunga mwaka 1936. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 14, 1966, gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei, na noti za Kenya zikafuata Septemba mwaka huohuo. Shilingi zote mbili zilianza na thamani ileile ya zamani: kama 7.14 kwa dola ya Marekani. Uingereza ilipoishusha pauni Novemba 1967, nchi zetu hazikuifuata. Mwaka 1975 zikaacha kujifunga na dola, zikajifunga na kapu la fedha kuu linalosimamiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, bado kwa kiwango kimoja. Kwa hiyo hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye vitabu, moja ilikuwa kwa moja.

Hapo ndipo msomaji anapotakiwa kuwa macho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi Novemba 1983. Vita dhidi ya Idi Amin vilikula fedha za kigeni, bei ya mafuta ikapanda mara ya pili, na maduka yakakosa sabuni, mafuta ya kula na nguo. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe. Serikali ilikataa, na Mtei, wakati huo Waziri wa Fedha, akajiuzulu mwaka 1979. Kenya ilishusha thamani ya shilingi yake mwaka 1981 na tena mwaka 1982.

Tazameni matokeo yake. Wastani wa kiwango rasmi mwaka 1983 ulikuwa zaidi kidogo ya shilingi 11 za Tanzania kwa dola, na zaidi kidogo ya 13 za Kenya. Ukigawanya, shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na senti 84 hivi za Tanzania. Jedwali linatuambia kwamba katika mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, wakati watu walipopanga foleni tangu alfajiri kutafuta sabuni, shilingi ya Tanzania ilikuwa na nguvu kuliko ya jirani! Hakuna mfanyabiashara wa Rombo au Tarime ambaye angekubali kukubadilishia kwa kiwango hicho. Kahawa ilivushwa kwenda Kenya kwa magendo kwa sababu aliyeiuza huko alipata fedha inayonunua bidhaa. Bei ya kweli ilikuwa ya ulanguzi, na kufikia mwaka 1985 dola ya ulanguzi ilikuwa ghali mara kadhaa kuliko ya benki.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoandika kwamba shilingi yetu "iliporomoka" mwaka 1986. Mwaka ule, baada ya Rais Ali Hassan Mwinyi kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, kiwango rasmi kilianza kuifuata bei ambayo mtaa ulikuwa umeshaipanga zamani. Hata hapo kuna mtego wa hesabu: wastani wa mwaka 1986 ni kama shilingi 33 kwa dola, lakini mwaka ulipokwisha ilikuwa zaidi ya 50. Mtafiti asiyesema ametumia kipi anaweza kukosea kwa zaidi ya theluthi.

Miaka iliyofuata inaaminika zaidi. Tanzania iliruhusu maduka ya kubadilishia fedha mwaka 1992. Kenya ililegeza masharti yake mwaka 1993, na shilingi yake ikaanguka vibaya mwaka huo. Kwa wastani, shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na kama 8.5 za Tanzania mwaka 1990, 10.5 mwaka 2000, na karibu 18 mwaka 2010. Mwanzoni mwa 2024 ilishuka hadi karibu 16, ikapanda tena mwaka huohuo. Namba hii kubwa haisemi kwamba Mkenya ni tajiri mara 18. Inabeba mfumuko wa bei uliorundikana, hasa ule wa miaka ya 1980 uliofika karibu asilimia 30 kwa mwaka.

Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Kampala Novemba 2013, ililenga sarafu moja mwaka 2024. Lengo limesogezwa hadi 2031. Siku hiyo ikifika, swali la kila nchi kuingia kwa kiwango gani litakuwa swali la mishahara na akiba za watu.

Naomba basi kila tasnifu iandike kiwango, tarehe yake, na soko kilikotoka. Na kwa miaka ya 1977 hadi 1986, benki kuu haiwezi kutupa bei zote. Nyingine ziko katika madaftari ya wenye maduka na vichwani mwa wazee wa Namanga, Tarakea na Sirari. Twende tukawaulize wakiwa bado hai.