Upepo Ndio Unaobeba: Kuchagua na Kutunza Matairi ya Pikipiki za Safari Ndefu



Nimeombwa nizungumzie matairi ya pikipiki za safari ndefu, zile zilizosimama kati ya pikipiki ya mbio na pikipiki ya utalii: BMW R 1250 RT, Yamaha FJR1300, Kawasaki 1400GTR, Honda ST1300 na jamaa zao. Swali ambalo huwa linatangulia mengine yote ni kampuni ipi iliyo bora. Nalijibu mapema tulimalize. Michelin, Bridgestone, Metzeler, Pirelli, Dunlop na Continental zote zinatengeneza tairi zuri la kundi hili, na tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti iliyopo kati ya tairi lenye psi 42 na tairi hilohilo likiwa na psi 35.

Hoja yangu leo ni moja tu. Mzigo wa pikipiki unabebwa na upepo. Kazi ya mpira ni kuuzuia upepo huo usitoke na kuishika lami. Mtu akilikubali hilo, namna yake ya kununua tairi inabadilika, namna yake ya kulijaza inabadilika, na hata maneno yake kwa fundi wa pancha yanabadilika.

Hesabu ya mzigo

Tuchukue R 1250 RT. Ikiwa na mafuta na iko tayari kwa safari ina uzito wa kilo 279, na BMW wameruhusu uzito wa jumla usizidi kilo 505. Zinabaki kilo 226 za dereva, abiria, kofia ngumu, makoti, masanduku matatu na kila kilichomo. Watu wazima wawili waliovaa vizuri wanafika kilo 180 bila taabu, kwa hiyo masanduku yamebakiwa na nafasi ndogo kuliko yanavyoonekana kwa macho.

Sasa geukia ubavu wa tairi. La mbele limeandikwa 120/70 ZR17 58W, la nyuma 180/55 ZR17 73W. Wengi husoma upana na kipenyo wakaishia hapo, na uamuzi mkubwa umejificha kwenye tarakimu mbili za mwisho. 58 maana yake ni kilo 236. 73 ni kilo 365. Ukijumlisha unapata 601, na hapo mtu hujiona salama kwa karibu kilo mia. Lakini pikipiki iliyopakia abiria na sanduku la nyuma haigawi mzigo nusu kwa nusu. Tukichukulia kwamba theluthi mbili za kilo 505 zimeangukia nyuma, tairi la nyuma linabeba kilo 337 na limebakiwa na 28 tu, hata kabla hatujagonga tuta lisilo na alama.

Tena hizo kilo 365 zina sharti. Kwenye matairi mengi sharti hilo limechapwa kwa herufi ndogo ubavuni: mzigo wa juu kabisa ni kwa psi 42, tairi likiwa baridi. Punguza upepo, na uwezo wa kubeba unapungua pamoja nao. Mwenye psi 35 nyuma, akiwa na abiria na masanduku, anaendesha tairi ambalo si 73 tena, hata kama maandishi yake yanang'aa.

Herufi W ni ya mwendo, kilomita 270 kwa saa. Hakuna hapa atakayeufikia, na kwa sababu hiyo wapo wanaoona ni busara kununua herufi ya chini kwa bei nafuu. Siwaungi mkono. Herufi hiyo inaeleza pia jinsi tairi linavyostahimili joto, na joto tunalo la kutosha. Mtengenezaji wa pikipiki akisema W, usishuke.

Kuna mtego mwingine wa majina. Kwa kuwa pikipiki hizi ni nzito, kampuni kadhaa hutoa tairi moja la kipimo kilekile kwa namna mbili: la kawaida, na lenye mwili mgumu zaidi kwa pikipiki nzito. Michelin waliiita ya pili GT kwenye Pilot Road 4, na Bridgestone wamefanya hivyo kwenye T31 na T32. Sasa nenda kwa Pirelli: Angel GT ni jina la tairi zima, na namna ya pikipiki nzito inatambulika kwa herufi A. Mtu anaondoka dukani na Angel GT akidhani amenunua ile ngumu kwa sababu ameona GT. Amenunua ya pikipiki nyepesi. Atahisi mkia ukiyumba kwenye kona ndefu na ataanza kulaumu shokomzoba.

Wenye ST1300 nawapa pole ya peke yao. Rimu yao ya mbele ni inchi 18 wakati karibu kila mwenzao ana 17, na 120/70 ZR18 haikai dukani ikisubiri mteja. Agizeni mapema, kabla la zamani halijaisha.

Mpira wa katikati na mpira wa pembeni

Kwa kawaida tairi la kundi hili halina mpira wa aina moja. Katikati limewekewa mpira mgumu unaodumu, mabegani mpira laini unaoshika pikipiki inapolala kwenye kona. Michelin waliuleta mpango huu kwenye matairi yao ya safari mwaka 2007 kwa Pilot Road 2, na leo ni jambo la kawaida kwa kampuni nyingi. Tairi la mbio ni laini mno katikati kwa kazi yetu. Ukilipeleka kwenye barabara ya Nairobi hadi Mombasa, kilomita karibu 480 ambazo sehemu kubwa yake ni kunyooka tu, litasagika katikati na kuwa bapa, na bega lake zuri uliloligharamia litabaki jipya mpaka siku ya kulitupa.

Ubapa huo si wa kudharau. Pikipiki inapoingia kwenye kona inalazimika kupanda ukingo uliojitengeneza kati ya sehemu bapa na bega, kwa hiyo inakataa kulala, kisha inaanguka ndani ghafla. Mtu anasema pikipiki imezeeka. Tairi ndilo lililozeeka, na huenda bado lina mifereji ya kutosha kumridhisha askari wa barabarani. Uingereza sheria inataka kina cha milimita 1, Ujerumani 1.6. Mimi nafuata Wajerumani, hasa kuelekea mvua za masika, kwa sababu kazi ya mifereji ni kutoa maji na si kitu kingine.

Upepo, mwinuko na asubuhi

Hapa naomba subira yenu, maana ndipo kiini cha mada kilipo.

Geji haipimi upepo wote ulio ndani ya tairi. Inapima tofauti kati ya msukumo wa ndani na ule wa hewa ya nje. Usawa wa bahari, hewa ya nje inasukuma kwa psi 14.7. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,700 hivi, inasukuma kwa psi 12 tu. Kwa hiyo tairi lilelile, lenye upepo uleule, likishuka kutoka Nairobi hadi Mombasa bila joto kubadilika litasoma pungufu kwa psi 2.7. Hakuna kilichovuja.

Lakini joto hubadilika. Jaza psi 42 Nairobi alfajiri, nyuzi 14, tairi halijatembea. Lala Mombasa, upime alfajiri inayofuata kwa nyuzi 28. Mwinuko umekunyang'anya karibu psi 2.7, joto limekurudishia karibu 2.6, na geji inasoma 42 kana kwamba hujasafiri. Kurudi ni hivyo hivyo: Mombasa 42, Nairobi 42. Ni bahati ya jiografia, na ndiyo sababu waendeshaji wazoefu wa njia hiyo wanaapa kwamba mwinuko hauna neno.

Una neno, ila kwa yule asiyejaza alfajiri. Mwangalie anayeamka saa nne, akazunguka mjini kuchukua abiria wake, akasimama kituo cha mafuta njia ya kutokea mjini. Tairi limeshapata moto, tuseme nyuzi 45. Anajaza mpaka 42 na kuondoka ameridhika. Tairi hilo likipoa hadi nyuzi 26, kesho yake asubuhi Mombasa, litasoma psi 36. Amepungukiwa psi sita kwenye gurudumu linalobeba kilo mia tatu na zaidi, na hakuna msumari wala valvu mbovu. Akimpelekea fundi, fundi atalizamisha kwenye karai la maji akitafuta pancha ambayo haipo.

Kwa hiyo pima tairi likiwa baridi, likiwa halijatembea kwa saa tatu angalau. RT inataka psi 36 mbele na 42 nyuma. FJR1300 ni 39 na 42. Wenye Kawasaki 1400GTR wanajaza 42 kote kote. Kama mashine ya kituo inasoma kwa bar, 2.5 ni 36 na 2.9 ni 42. Ukilazimika kujaza njiani tairi likiwa la moto, ongeza psi nne juu ya kipimo chako, kisha urekebishe kesho asubuhi. Kutoa upepo kwenye tairi la moto kwa sababu geji imesoma 46 ni kosa ambalo vijana wa vituoni hulifanya kwa nia njema kabisa. 46 ndiyo tunayoitaka.

Na hiyo 46 ina maana zaidi. Tairi lililojazwa vizuri hupanda kwa asilimia kama kumi hivi likishatembea mwendo mrefu. Simama njiani, Mtito Andei, upime. Kama 42 yako ya asubuhi imefika 46 au 47, uko sawa. Ikifika 50, tairi linachemka kuliko inavyopaswa: ama upepo wa asubuhi ulikuwa mdogo na geji yako ni mwongo, ama umepakia kupita kiasi. Ajabu kwa wengi ni kwamba tairi lenye upepo mdogo ndilo linalopata moto zaidi. Ubavu wake unakunjika na kukunjuka kila mzunguko, na mkunjo huo ndio unaozaa joto.

Wenye vihisi vya upepo vya BMW wanisikilize hapa. Namba inayotokea kwenye kioo imeshakokotolewa upya kana kwamba hewa ya tairi iko nyuzi 20. Kioo kikisema 2.9 na geji ya kituo ikisema 3.2 mchana wa Tsavo, vyote viwili vinasema kweli. Usibishane na mtu.

Jambo dogo linalokera: bomba la upepo la kituo mara nyingi halipenyi kati ya diski mbili za breki za mbele. Nunua kiungo cha pembe mraba kinachofungwa kwenye valvu, kiwe mfukoni pamoja na geji yako mwenyewe. Au siku ya kubadilisha matairi mwambie fundi aweke valvu za chuma zilizopinda.

Umri

Tafuta herufi DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho wa mstari huo. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Michelin wanashauri tairi lililotimiza miaka mitano likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na kwamba miaka kumi ikifika litolewe hata kama linaonekana zima. Nadhani kwetu pwani kumi ni mingi. Duka linalotundika matairi nje kama mapambo, jua la mchana likiyapiga, linauza mpira uliokwisha kuanza kukauka. Ghala lenye jenereta au mashine ya kuchomelea ni baya vilevile, kwa sababu cheche za umeme huzaa ozoni, na ozoni hupasua mpira. Tairi jipya lililofungwa leo nalo lichungwe. Kilomita mia na hamsini za kwanza zisiwe za kujionyesha.

Pancha

Msumari ukiingia katikati ya tairi unaweza kuzibwa kwa kamba ya mpira, na ukafika mjini kwa mwendo wa kilomita 80 hivi kwa saa. Ukiingia ubavuni, safari imekwisha. Tafuta gari la kubebea. Gundi ya kumimina ndani naiweka mwisho kabisa wa orodha, maana inavuruga usawa wa gurudumu na inamfichia fundi anachotakiwa kukiona.

Pale njiani mtakutana na fundi hodari wa bodaboda, mwenye mikono ya haraka, ambaye maisha yake yote amefanya kazi na 2.75-17 na 3.00-17. Atapendekeza mambo mawili. La kwanza ni kutia tyubu. Mkatalieni kwa heshima: tyubu ndani ya tairi la radia husuguana na ukuta wa tairi, joto linapanda, na ikipasuka inatoa upepo wote kwa mpigo, wakati tundu la msumari kwenye tairi lisilo na tyubu huuachia taratibu. La pili ni kulitoa tairi kwa vyuma viwili. Rimu ya aloi ikipigwa meno ukingoni haifungi tena upepo, na hapo mtakuwa mmenunua tatizo la kudumu kwa bei ya pancha moja.

Mkifika mjini, tairi litolewe na likaguliwe ndani. Hapa nasema na mafundi zaidi. Pitisheni kiganja kwenye ubavu wa ndani kabla ya kuweka kiraka. Mkikuta unga mweusi, au mstari wa mkunjo unaozunguka duara zima, tairi hilo limeendeshwa likiwa limelegea, na nyuzi zake zimekwisha kukatika mahali macho hayafiki. Mwenyewe atawaonyesha mifereji, atawaambia amelinunua juzi, na atakuwa anasema kweli. Msiweke kiraka. Likateni ubavu palepale, ili asije akampelekea mwingine.