KAHAWA YA THAMANI NA JASHO LA MKULIMA

(Hotuba ya Katibu wa Chama kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika)



Leo tunazungumza habari ya kahawa. Mtu atauliza: sisi watu wa pwani ya Kilwa tunalima ufuta, korosho na muhogo, kahawa tunaijua barazani tu, kikombe na kashata. Inatuhusu nini? Ndugu wanachama, inatuhusu sana.

Duniani zipo kahawa chache ambazo bei yake inatisha. Moja inaitwa Bourbon Pointu. Asili yake ni kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion, mashariki ya Madagaska, nchi ambayo wazee wetu waliiita Bukini. Punje zake ni nyembamba, zimechongoka, na hazimkoseshi mtu usingizi kama kahawa nyingine. Karne iliyopita ilikaribia kupotea kabisa, maana mashamba yalikwisha kugeuzwa kuwa ya miwa. Mwaka 1999 mtaalamu kutoka Japani, Yoshiaki Kawashima, alikwenda kisiwani kuitafuta. Ikafufuliwa, na mwaka 2007 ikaanza kuuzwa Japani. Kilo moja iliyokaangwa huuzwa kwa mamia ya yuro.

Sasa jamani tuulize: zamani kahawa ya Bourbon ililimwa na nani? Mbuni wa kwanza kupandwa huko uliletwa kutoka Yemeni mwaka 1715. Na mikono ya kulima je? Ilitoka Bukini, ilitoka Msumbiji, na ilitoka hapa hapa kwetu. Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa mmoja, jina lake Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa Kisiwani. Mkataba ulisema auziwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa, kila mtu kwa riale 20, na Sultani apewe zawadi ya riale 2 kwa kila kichwa.

Haya, tupige hesabu kama tunavyofanya darasani jioni. Watu 1,000 mara riale 20 ni riale 20,000 kwa mwaka. Zawadi ya Sultani, riale 2,000. Aliyeshika jembe kule Bourbon alipata ngapi? Sifuri. Na utumwa wa kisiwa kile haukufutwa mpaka tarehe 20 Desemba 1848.

Tunajifunza nini? Zao kuwa ghali si dawa ya umaskini wa mkulima. Faida humwendea anayeshika mizani, daftari na soko. Wale ndugu zetu hawakuwa na hata kimoja. Sisi leo tunavyo vyote vitatu: mizani ya ushirika, daftari la ushirika na mnada.

Lakini tunaviachia wenyewe! Mwezi wa njaa mlanguzi anapita na fedha mkononi, anauzia ufuta ungali shambani, au korosho kwa kangomba, bati ambalo hakuna aliyelipima. Hatusemi kangomba ni utumwa. Tunasema mtu huru asikubali kupimiwa jasho lake na mtu mwingine gizani.

Tunajua vilevile kwa nini watu wanakwenda kwa mlanguzi. Malipo ya mnada yanachelewa, na makato hayaelezwi vizuri. Mtoto akiugua hangoji mnada. Kwa hiyo tunapendekeza mkutano huu uamue mambo manne:

1. Mizani ikaguliwe mbele ya wanachama kabla ya kupokea gunia la kwanza.

2. Kilo za kila mtu, bei ya mnada, unyaufu na kila makato vibandikwe hapa ukutani kwa herufi kubwa.

3. Tuanzishe akiba ya kukopeshana miezi ya njaa, kila mwanachama achangie baada ya kulipwa.

4. Ufuta uletwe mkavu na umepepetwa, bila mchanga. Gunia moja chafu linashusha bei ya wote.

Na asiyejua kusoma aje darasani, ili stakabadhi yake aisome mwenyewe, asisomewe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ushirika, hoyee!

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji