BENKI IKIKATAA, ISEME SABABU

Mazungumzo yafuatayo yametayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma.



Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza hujulikana na kila mtu: mgeni asikae bure akila jasho la mwenyeji. La pili husahauliwa mara nyingi: jembe lenyewe hutoka mikononi mwa mwenyeji. Anayemtaka mgeni alime hana budi kumpa cha kulimia.

Katika miji ya Ulaya ya leo, jembe la mgeni ni akaunti ya benki. Mwajiri halipi mshahara mkononi, huupeleka benki. Mwenye nyumba hataki noti. Hutaka kodi ipitie benki. Umeme, simu, bima ya matibabu na ada ya chuo, vyote hulipwa kwa njia hiyo hiyo. Mtu asiye na akaunti hawezi kupokea haki yake wala kutimiza wajibu wake.

Uchukuliwe mfano wa mwalimu aliyepata nafasi ya masomo ya juu ughaibuni. Pasipoti yake ni halali, viza anayo, barua ya chuo anayo. Anaingia benki, anajaza fomu, anaambiwa asubiri. Baada ya siku kadhaa anapokea barua ya mistari miwili: benki inasikitika kwamba haiwezi kumfungulia akaunti. Sababu haimo. Anaporudi kuuliza, karani anamjibu kwa adabu kwamba hata yeye haijui. Anakwenda benki ya pili, na huko anatakiwa alete mkataba wa nyumba. Mwenye nyumba naye hataki kutia sahihi mpaka aonyeshwe namba ya akaunti. Basi mwalimu huyo anazunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta: anatembea kutwa, lakini hafiki.

Kabla ya kulaumu, yafaa kueleza jambo hili linatoka wapi.

Mwaka 1989 mataifa makubwa saba yenye viwanda, yakikutana mjini Paris, yaliunda chombo cha kupambana na fedha haramu, kinachojulikana kwa herufi FATF. Tangu wakati huo mabenki yametakiwa kumjua kila mteja: ni nani, anaishi wapi, fedha zake zinatoka wapi. Lengo ni jema, kwani fedha za mihadarati, za rushwa na za ugaidi hupita benki kama fedha nyingine zote, na nchi maskini ndizo huumizwa zaidi na wizi wa namna hiyo. Adhabu nazo ni kali. Mwaka 2012 benki ya HSBC ilikubali kulipa Serikali ya Marekani dola bilioni 1.9, na mwaka 2014 benki ya Ufaransa ya BNP Paribas ilitozwa karibu dola bilioni 9 kwa kuvunja vikwazo vya Marekani.

Ni dhahiri, basi, kwamba mizani ya benki imeelemea upande mmoja. Ikimkubali mtu mbaya, huenda ikalipa fedha nyingi mno. Ikimkataa mtu mwema, mara nyingi haipotezi kitu. Akaunti ya mwanafunzi au ya mfagizi haileti faida kubwa, na kuzichunguza karatasi zake kunagharimu muda. Kwa hesabu ya kibiashara, kumkataa ni rahisi kuliko kumchunguza. Hapo ndipo nchi anayotoka mtu inapogeuka kuwa kipimo cha tabia yake.

Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya FATF ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu mwezi Oktoba 2022, ikaondolewa mwezi Juni 2025. Uganda ilikuwa kwenye orodha hiyo kuanzia Februari 2020 hadi Februari 2024. Kenya iliingizwa Februari 2024. Orodha hiyo hupima sheria za nchi na utendaji wa vyombo vyake. Haipimi uaminifu wa raia mmoja mmoja. FATF yenyewe imesema mara nyingi kwamba haitaki makundi mazima ya wateja yafungiwe milango, bali kila jambo lipimwe kwa uzito wake. Lakini fomu inapomwuliza mtu amezaliwa wapi, na kompyuta ikatoa alama kwa jibu hilo, si rahisi kwa mwombaji kujua kama amekataliwa kwa kosa lake au kwa kuzaliwa kwake.

Isidhaniwe kuwa mateso haya ni ya Waafrika peke yao. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria iitwayo FATCA, inayoyataka mabenki ya nchi nyingine kutoa taarifa za akaunti za raia wa Marekani, la sivyo yakatwe asilimia 30 ya malipo fulani yanayotoka nchini humo. Matokeo yake, mabenki kadhaa ya Ulaya yaliona ni nafuu kuwakataa Wamarekani, wakiwamo watu waliozaliwa Marekani na kuondoka wakiwa watoto wachanga. Raia wa nchi tajiri kuliko zote naye alisimama mbele ya dirisha la benki akaambiwa hapana.

Sasa liulizwe swali lenyewe: kwa nini sababu haisemwi?

Liko jibu moja lenye haki. Sheria za kupambana na fedha haramu humkataza mfanyakazi wa benki kumdokeza mteja kwamba ameshukiwa na kuripotiwa. Uingereza iliweka katazo hilo katika sheria yake ya mwaka 2002 kuhusu mali itokanayo na uhalifu. Katazo hilo lina maana, kwani mwizi akijua anafuatwa atakimbia na mali. Ubaya ni kwamba kimya kilichokusudiwa kwa washukiwa wachache kimekuwa desturi kwa watu wote. Aliyekataliwa kwa sababu jina lake limeandikwa kwa namna mbili tofauti, aliyekataliwa kwa kukosa hati ya makazi, na aliyekataliwa kwa kushukiwa wizi, wote watatu hupewa barua ile ile. Pazia lililotundikwa kumficha mwizi mmoja limefunika dirisha zima, na watu wema wamebaki gizani.

Nchi nyingine zimeuona ubaya huo na kutunga sheria. Ufaransa iliweka haki ya kuwa na akaunti katika sheria yake ya mabenki ya mwaka 1984. Mtu aliyekataliwa hupeleka ombi Benki Kuu ya Ufaransa, na Benki Kuu humteulia benki ambayo lazima imfungulie akaunti ya huduma za msingi. Tangu mwaka 2022, benki isipojibu ndani ya siku 15, kimya chake huhesabiwa kuwa ni kukataa, na mwombaji anaweza kwenda Benki Kuu bila ya kuwa na barua mkononi. Ubelgiji ilitunga sheria ya huduma ya msingi ya benki mwaka 2003.

Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kwa wanachama wake wote. Kwa agizo hilo, kila anayeishi kihalali ndani ya Umoja ana haki ya akaunti ya malipo yenye huduma za msingi, hata akiwa hana makazi maalumu, hata akiwa ni mwomba hifadhi. Benki hutakiwa kufungua akaunti au kukataa ndani ya siku 10 za kazi baada ya kupokea ombi lililokamilika. Ikikataa, hutakiwa kumweleza mwombaji sababu kwa maandishi na bila malipo, isipokuwa pale ambapo maelezo hayo yangehatarisha usalama wa taifa, utulivu wa umma, au vita dhidi ya fedha haramu. Ujerumani ilianza kuitekeleza haki hiyo mwezi Juni 2016, na huko aliyekataliwa anaweza kulipeleka shauri lake kwa mamlaka ya kusimamia mabenki, BaFin, yenye uwezo wa kuiamuru benki ifungue akaunti.

Uingereza, ambayo haimo tena katika Umoja huo, ina kanuni zake. Sheria yake ya uhamiaji ya mwaka 2014 inayakataza mabenki kumfungulia akaunti ya kawaida mtu asiye na kibali cha kukaa nchini. Mtu anaweza kuipinga sheria hiyo kwa hoja nyingi. Lakini hata yenyewe, pamoja na ukali wake, inaitaka benki imwambie mtu huyo kwamba hiyo ndiyo sababu ya kukataliwa, maadamu sheria nyingine haizuii. Ikiwa asiye na kibali astahili kuambiwa sababu, mwenye kibali atanyimwaje?

Yako mafunzo pia katika mkasa wa mwaka 2023 uliomhusu mwanasiasa wa Uingereza, Nigel Farage. Benki ya Coutts ilipoamua kuifunga akaunti yake, hakupewa sababu iliyo wazi. Alitumia sheria ya kulinda taarifa za watu, akaitaka benki impe kumbukumbu zote zilizomhusu. Kumbukumbu hizo zilionyesha kuwa misimamo yake ya kisiasa ilikuwa imejadiliwa pamoja na mambo ya kibiashara. Mkuu wa kampuni mama ya benki hiyo, NatWest, alijiuzulu mwezi Julai mwaka huo baada ya kukiri kwamba alizungumza na mwandishi wa habari kuhusu mteja huyo. Mtu aweza kumpenda au kumchukia Farage. Lakini ufunguo alioutumia si wa wakubwa peke yao. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, na ile ya Uingereza inayofanana nayo, humpa kila mtu, mwenyeji na mgeni, haki ya kuomba taarifa zake, na kwa kawaida hujibiwa ndani ya mwezi mmoja.

Kwa hiyo, mwananchi aliyeko ughaibuni akikataliwa, asikubali jibu la mdomo. Adai sababu kwa maandishi. Aitaje kwa jina haki ya akaunti ya msingi, kwani karani wengi humpa mgeni fomu ya akaunti ya kawaida bila kumweleza kuwa iko nyingine. Atunze kila karatasi pamoja na tarehe yake. Kisha apeleke malalamiko kwa chombo kinachosimamia mabenki katika nchi ile. Haki isiyojulikana ni sawa na chakula kilichofungiwa stoo.

Ndugu walimu na watumishi, somo hili haliishii Ulaya. Nyani haoni kundule. Ziko ofisi za nyumbani ambamo mwananchi huambiwa "njoo kesho" mwaka mzima, au hurudishiwa faili lake bila neno. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufani, wakati haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kinginecho. Mtu atakataje rufani dhidi ya sababu asiyoijua? Mtumishi anayekataa bila kueleza hana tofauti na ile barua ya mistari miwili.

Liko na jambo dogo lenye uzito mkubwa. Safari ya mwalimu aliyekwama mbele ya benki ya ugenini mara nyingine huharibikia nyumbani, miaka mingi kabla hajapanda ndege. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamedi, cheti cha shule Muhammad, pasipoti Mohamed. Kwa jirani zake huyo ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ya benki ni watu watatu, na watu watatu katika fomu moja ni shaka. Mwalimu anayeandikisha mtoto darasa la kwanza, na karani anayejaza cheti, wana mkono katika jambo hilo. Herufi moja iliyoandikwa kwa uzembe yaweza kumfungia mtu mlango miaka ishirini baadaye.

Hakuna anayeidai benki imkubali kila mtu. Benki ina haki ya kukataa, na mara nyingine ina wajibu wa kukataa. Lakini aliyekataliwa kwa sababu iliyotajwa aweza kurekebisha karatasi zake, kujitetea, au kukubali kosa lake na kwenda zake. Aliyekataliwa kwa kimya hana la kurekebisha wala la kujibu. Hubaki akijishuku mwenyewe, na kuishuku nchi iliyompokea. Mwenyeji aliyeona vema kumpokea mgeni na kumtaka afanye kazi, na ampe jembe. Na kama hampi, amwambie waziwazi ni kwa nini.