Mjakaranda na Kangaga

Mkazi wa Nyayo Highrise atembeapo Nairobi mwezi wa Oktoba husifu maua ya zambarau ya mjakaranda, asilitazame kangaga lililoota ukutani penye unyevu. Lakini ukoo wa kangaga ulitangulia maua yote: una zaidi ya miaka 300,000,000.

Chavua ya mjakaranda huchukuliwa na nyuki, na mbegu zake zenye mbawa hupeperushwa na upepo. Kangaga halina ua wala mbegu, ila vumbi laini chini ya majani yake. Punje ya vumbi hilo humea ikawa jani dogo sana, na hapo chembe ya kiume sharti iogelee majini ili ilifikie yai.

Basi unyevu ukikauka, mjakaranda huweza kuzaa, kangaga haliwezi. Mwenye kulinda kijito humlinda na mzee huyo.