Heda ni Ahadi: Kerneli na Deni Lake kwa Programu



Kila ninapotaja eneo langu la utafiti nakutana na hoja ileile: utegemezi wa heda, yaani mafaili ya ufafanuzi ambayo msimbo huyaingiza, ni kazi ya usafi tu. Mashine zina kasi, watu huniambia, na kila heda ina kinga inayoizuia isiingizwe mara mbili. Basi tatizo limekwisha.

Halijaisha. Kinga hulinda faili, hailindi maana. Kabla ya 2013, mwanafunzi wangu mmoja aliyeandika programu ya mtandao aliingiza netinet/in.h ya maktaba ya C, kisha linux/in6.h ya kerneli ya Linux. Kompaila ikagoma: muundo wa in6_addr umefafanuliwa mara mbili. Kila faili lilikuwa na kinga yake, na kila kinga ilifanya kazi barabara. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya mwenye muundo ule. Hakuna prosesa inayoamua mzozo wa namna hiyo. Ndiyo sababu mwaka 2013 ikaongezwa linux/libc-compat.h, ili kerneli na glibc, maktaba hiyo ya C, zisifafanue kitu kimoja kila moja kivyake.

Kazi ya David Howells mnaijua: tangu Linux 3.7, mwaka 2012, heda zinazoonwa na programu za watumiaji hukaa katika include/uapi, mbali na mambo ya ndani ya kerneli. Sitairudia.

Nitakaa zaidi kwenye tangazo la Januari 2022 la Ingo Molnar, mwendelezaji wa kerneli, kuhusu mfululizo wake wa kupunguza utegemezi wa heda, andiko ninalowasomesha wanafunzi wangu kila mwaka. Mfululizo huo ulikuwa na viraka zaidi ya 2,200, vilivyogusa mafaili zaidi ya 25,000, katika kerneli yenye heda zipatazo 10,000. Wengi walishangilia kasi ya ujenzi, aliyosema imepanda kwa asilimia 50 hadi 80. Mimi navutiwa na utaratibu wake. Aliichukua sched.h, inayobeba task_struct, akaonyesha jinsi kila sehemu iliyopachikwa ndani ya muundo huo inavyoburuta heda yake, nayo ikaburuta nyingine. Akatenga ufafanuzi wa aina za data mbali na fanksheni zinazozitumia, kwa kuwa anayehitaji kielekezi tu hutosheka na jina la muundo.

Wapinzani wa kazi hiyo wana hoja. Mfululizo ule haukupokelewa wote. Kuukagua ni mzigo mzito, na heda ikikatwakatwa mno, msomaji hupotea. Nayakubali hayo yote kwa heda za ndani, ambazo kesho zinaweza kubadilishwa.

Kwa heda za uapi sikubali hata moja. Linux imejifunga kutovunja programu za watumiaji, na ahadi ni deni. Kinachoingia humo kwa uzembe hakitoki tena. Kwa hiyo nashikilia kwamba heda ya uapi ikompailiwe peke yake, na isiingize chochote ambacho kerneli haiko tayari kukilinda daima.