Tusipande Muhogo wa Aina Moja Tu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Makomeno)



Leo tunaongea juu ya vijiti vya muhogo. Franga ya msimu huu ni kidogo, na wengi wamesema tununue aina moja tu, ile inayozaa sana, tuipande mu mashamba yote. Sisi wa komite tulikubali. Sasa tunaomba tufikiri tena.

Mnakumbuka tulipotoka mu kambi za Mwange na Kala, kule Zambia. Wengine walifunga vijiti mu kitenge pamoja na sufuria: huyu muhogo mchungu, huyu mtamu wa kuchemsha, huyu wa sombe nzuri. Kisha mwaka mmoja vijiti tulivyouziwa na mchuuzi vilishikwa na mozaiki vyote, majani yakakunjamana, yakawa na madoa ya manjano. Ule mchungu wa mu kitenge njo ulitupa bukari.

Sababu ni hii. Muhogo hatupandi mbegu, tunapanda kijiti. Kijiti si mtoto, ni mama mwenyewe. Ukikata vijiti mia ku shina moja, una shina lile lile mara mia. Ugonjwa ukijua kuangusha moja, umejua kuangusha yote.

Uganda waliona zaidi. Upande wa Teso watu walipenda sana aina moja, Ebwanateraka. Miaka ya 1990 mozaiki ikaja na nguvu mpya. Wataalamu walipochunguza, wakaona virusi viwili vimechanganyika na kutoa kipya, kikali. Kainzi keupe kanakibeba shamba hadi shamba, na watu wanakibeba mu vijiti. Ebwanateraka ilikwisha karibu yote, njaa ikaingia. Fikirini: adui anachanganya, mkulima anarudia kitu kile kile.

Walileta aina mpya zinazovumilia mozaiki, watu wakala tena. Lakini kuanzia 2004 ugonjwa mwingine, ule unaotia muhogo uozo wa kahawia ndani ya udongo, ukaenea, ukashika hata nyingi za aina zile mpya. Kwa hiyo hatusemi mbegu mpya ni mbaya, wala ya wazee ndiyo dawa. Tunasema tusiweke maisha yetu mu kijiti kimoja.

Tunapendekeza hivi:

Nusu ya franga inunue ile aina inayozaa. Nusu ya pili itafute aina zingine, na tuulize vijiti safi kwa INERA pale Kipopo. Kila mwanachama apande aina tatu au zaidi, kila moja mu mstari wake, na jina lake liandikwe. Shina lenye majani yaliyokunjamana ling'olewe mapema, na mtu asikate kijiti hapo.

Wafadhili wetu, tunawaambia wazi: mavuno ya mwaka wa kwanza yanaweza kuwa madogo kidogo. Msiyahesabu kama hasara. Hiyo ni akiba ya mwaka mbaya.

Na yule mwenye bado ana shina la kutoka Mwange ao Kala nyuma ya nyumba, hata moja tu, alete vijiti viwili mkutano ujao. Tutaandika jina la mwenye kuleta.