JINO BOVU SI LAZIMA LING'OLEWE

(Maneno yaliyosomwa na kamati ya afya katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu wa zamu ya usiku ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu wanachama,

Katika mkutano uliopita mlitutaka tueleze kwa nini kamati inataka habari ya meno iingizwe katika mapatano mapya na tajiri. Wengine walicheka. Walisema, je, chama kimekosa kazi hata kianze kuhesabu magego ya watu? Aliyecheka kuliko wote alitujia wiki iliyofuata ameshika shavu, lakini hatutamtaja.

Tulipoulizana sisi wenyewe katika kamati, tuliona kwamba karibu kila mmoja wetu amekwisha kung'olewa jino, na waliokwisha kuzibwa ni wachache. Sababu si kwamba meno yetu yote yalikuwa yameharibika kabisa. Tulikwenda kwa daktari tumechelewa, na tulipofika tukakuta karatasi yetu ya matibabu inalipa kung'oa tu. Kuziba kunalipwa mara moja kwa mwaka, na kofia ya jino imeandikwa kuwa ni urembo. Basi mtu mwenye jino ambalo lingeweza kukaa kinywani miaka mingi huambiwa achague, atoe fedha zake au atoe jino. Wengi hutoa jino. Uchunguzi wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba kama mtu mzima mmoja katika kila watatu ana meno yaliyooza. Hapo mwaweza kujihesabu wenyewe katika benchi mlilokalia.

Lakini hatuwezi kudai kitu tusichokijua. Kwa hiyo tulikwenda kuuliza, na haya ndiyo tuliyojifunza juu ya njia za kutengeneza jino likae mahali pake, lisiwe la kuvaa asubuhi na kuvua usiku.

Tundu likiwa dogo, dawa yake ni kuziba. Ile risasi nyeusi tunayoiona kinywani mwa wazee si risasi. Ni mchanganyiko wa madini, na kama nusu yake ni zebaki. Nyingine ni fedha, bati na shaba. Ni kitu kigumu, hakina gharama kubwa, na kinastahimili kutafuna. Ubaya wake ni kwamba hakigandi kwenye jino chenyewe. Yampasa daktari achimbe tundu liwe pana zaidi chini kuliko juu, ndipo kishikwe, kama sisi tunavyokata ubao wa kuunganisha droo usichomoke. Ina maana anakata na sehemu nzima ya jino. Tena zebaki ni sumu inapotupwa ovyo, na chini ya Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 mataifa yalikubali kupunguza matumizi yake katika meno. Mwaka 2022 yaliongeza kwamba isitiwe katika meno ya watoto walio chini ya miaka 15 wala ya wanawake wenye mimba au wanaonyonyesha, ila daktari akiona hapana budi. Mwenye nayo kinywani asikimbie kwenda kuitoa ikiwa ingali nzima, maana kuichimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi zaidi wa zebaki.

Siku hizi wengi huzibwa kwa resini nyeupe, ambayo daktari huipaka tabaka kwa tabaka na kuikausha kwa taa ya buluu. Hii hushika jino lenyewe, na haihitaji tundu kubwa. Lakini jino lisipokuwa kavu kabisa wakati wa kazi, haishiki vizuri. Iko na ya tatu, iitwayo glasi ionoma, ambayo si ngumu kama hizo mbili, lakini hushika bila taabu na hutoa floridi kidogo kidogo kulinda jino. Habari yake ilitufurahisha. Katika miaka ya 1980, huko Tanzania, madaktari waliowatibu watu mahali pasipo na umeme walianza kuutoa uozo kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine, kisha wakaziba tundu. Njia hiyo ilienea, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa mengine. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kuziba jino ni anasa ya watu wa mjini.

Sasa tuje kwenye kofia, ambayo wengine huiita taji, kwa kuwa hapa ndipo tajiri anapokataa.

Jino likivunjika ukuta mmoja au mbili, kuziba peke yake hakutoshi. Ni kama kutia zege katika ndoo iliyopasuka. Ikiwa kuta nyingi bado zimesimama, yaweza kutengenezwa pachiko, kipande kinachoundwa nje kwa kipimo na kugandishwa mahali palipobomoka. Ikiwa kuta nyingi zimekwisha, jino huhitaji kofia ya kulifunika lote. Daktari hulichonga pande zote, kama milimita moja hadi mbili, akachukua umbo lake kwa kitu laini kinachoganda, kisha fundi akatengeneza kofia kwa kipimo hicho. Wakati wa kungoja, mgonjwa huvaa kofia ya muda.

Ndugu zetu wa kalibu watapenda kusikia jinsi kofia ya madini inavyofanywa. Fundi huchonga jino la nta juu ya sanamu ya plasta, hulizungushia udongo maalumu, hulichoma mpaka nta iyeyuke na kutoka, kisha husubu madini katika nafasi iliyobaki. Ni kazi yetu hii hii! William Taggart wa Marekani aliwaonyesha madaktari wa meno njia hiyo mwaka 1907, nayo ingali inatumika, ingawa sasa kofia nyingi huchongwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta. Ziko kofia za dhahabu na za madini mengine, ziko za madini yaliyopakwa kauri ili zifanane na meno, na ziko za zirikonia, kauri ngumu sana. Ya madini matupu huchonga jino kidogo zaidi na haivunjiki upesi. Mtu asiyejali rangi ya gego la nyuma afadhali aulize kwanza bei ya hiyo.

Tafadhali sikilizeni hili vizuri. Uozo ukifika katika moyo wa jino, daktari aweza kuutoa mshipa, akasafisha mifereji ya mizizi na kuiziba. Maumivu yanakwisha. Na sisi, maumivu yakikwisha, hatuonekani tena kwa daktari. Lakini gego lililotobolewa hivyo limepungukiwa nguvu, na lisipofunikwa laweza kupasuka mpaka mzizini kwa punje moja ya githeri iliyo ngumu. Likipasuka hivyo halina matengenezo tena. Mwenzetu mmoja alilipa kutoka mfukoni mwake mishahara miwili ya wiki kusafishwa mizizi, akakosa fedha za kofia, na baada ya miezi saba akang'olewa jino lile lile. Karatasi ya tajiri ikalipa kule kung'oa. Ndipo tunapouliza, hapo ni nani aliyefaidika?

Kwa maana jino likitoka, mambo hayaishi. Majirani zake hulalia pengo, na lile la juu hushuka kutafuta mwenziwe. Halafu mtu akitaka kuziba pengo, ataambiwa habari ya daraja. Daraja ni kofia zilizoshikana. Mbili zavishwa meno ya kando, na kati yao huning'inia jino la bandia. Ni kazi nzuri, lakini hayo meno mawili ya kando, ambayo pengine hayakuwa na kosa lo lote, hayana budi kuchongwa. Na nguzo moja ikioza, daraja lote limekwisha. Liko daraja jepesi zaidi lenye mabawa ya kugandishwa nyuma ya meno ya jirani bila kuyachonga sana, nalo hufaa zaidi kwa meno ya mbele yasiyobeba mzigo mkubwa.

Pandikizi ni skrubu ya titani inayotiwa katika mfupa wa taya. Daktari Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua mwaka 1952, akifanya majaribio kwa sungura, kwamba mfupa huishika titani isitoke, na mwaka 1965 akamtia mtu wa kwanza. Haligusi meno ya jirani. Bei yake hatutaitaja katika mkutano wa watu wenye njaa.

Ndugu waliokulia Nakuru na Elementaita waliuliza juu ya meno ya kahawia. Hayo yametokana na floridi nyingi katika maji ya utotoni. Si uchafu, na kuyasugua kwa mchanga ni kuyaharibu. Yakiwa imara, yaweza kuvikwa utando mwembamba wa kauri au resini upande wa mbele. Hatukuutia katika madai yetu, na tunajua wengine wamekasirika.

Liko jambo moja ambalo halingojei mapatano. Jino likivunjika kazini, kwa spana iliyoteleza au mnyororo uliokatika, hiyo ni ajali ya kazi kama kidole. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yasema tajiri atalipa gharama za haki za matibabu, na matibabu ya meno yametajwa humo. Mweleze msimamizi siku ile ile, na uhakikishe imeandikwa katika kitabu cha ajali. Wengi hutema damu, wakaendelea na kazi, na baada ya mwaka hawana shahidi.

Kamati inaomba tawi likubali madai haya: kuziba kulipwe kila inapohitajika, kusafisha mizizi na kofia ya gego vihesabiwe kuwa tiba moja, visitenganishwe, na neno "urembo" lifutwe mahali linapohusu kofia. Daktari awe mwenye leseni ya mwaka huo kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, maana wako watu wa vichochoroni wanaogandisha kofia juu ya uozo.

Kila aliyeng'olewa jino katika miaka miwili iliyopita kwa kukosa fedha za kulitengeneza ampe karani wa tawi jina lake, namba ya kazi, na risiti kama anayo. Asiye na risiti aje pia. Tutakwenda na orodha hiyo mezani.